Tamasha Linaloahidi Kutoacha Taka Lipimwe kwa Ahadi Yake

Kila Desemba ikikaribia, simu zetu hujaa matangazo ya matamasha ya muziki ufuoni. Siku hizi tangazo halitaji wanamuziki peke yao. Linaahidi pia kwamba hapatakuwa na plastiki, kwamba miti itapandwa, kwamba watu wanakwenda kuishi siku tatu bila pupa ya kununua na kutupa. Maneno hayo hayakuzaliwa hapa Pwani. Yametoka Marekani na Uingereza, na huko yamejaribiwa kwa zaidi ya miaka hamsini. Kabla hatujayapigia makofi au kuyatupilia mbali, ni vizuri tujue kwao yamefika wapi.

Niseme mapema, msomaji, kwamba mimi si mtu wa kukesha mbele ya spika. Hukumu ya muziki na ya mchanganyiko wa watu usiku kucha wamekwisha kuizungumzia mashekhe, nami sina la kuwaongezea. Hapa nalipima tamasha kwa mizani yake lenyewe: limesema halitaacha taka na halitafanya watu watumwa wa vitu. Je, limetekeleza?

Wengi huanza hadithi hii na Woodstock, Agosti 1969, katika shamba la mfugaji wa ng'ombe wa maziwa jimboni New York. Inasimuliwa kama kisa cha vijana waliokataa pesa. Ukweli ni kwamba waandaaji walikuwa wafanyabiashara na tiketi ziliuzwa. Ua haukumalizwa kujengwa kwa wakati, watu zaidi ya 400,000 wakafurika, ikabidi itangazwe kuwa kuingia ni bure. Ule ubure ulikuwa hasara ya biashara, ukaja kufanywa falsafa baadaye, na filamu na rekodi za tamasha hilo ndizo zilizokuja kuingiza fedha. Miaka thelathini baadaye, Julai 1999, jina lile lile lilitumiwa katika uwanja wa zamani wa ndege za kijeshi, mji wa Rome, New York. Jua lilikuwa kali, chupa ya maji ikauzwa dola 4, na mambo yakaishia kwa moto na uharibifu.

Hao tuwaache. Walioahidi kwa dhati ni wengine, na ndio wanaostahili kuangaliwa kwa makini.

Glastonbury, kusini magharibi mwa Uingereza, ilianzishwa Septemba 1970 na mfugaji mwingine wa maziwa, Michael Eavis. Kiingilio kilikuwa pauni moja, na aliyelipa alipewa maziwa ya shambani bure. Walifika watu kama 1,500. Leo ukijumlisha mashabiki na wafanyakazi ni zaidi ya watu 200,000, na tiketi ya mwaka 2025 ilikuwa pauni 373.50, mbali na ada ya kuikata. Kwa hela zetu hizo ni zaidi ya Sh60,000. Tamasha hutoa mamilioni ya pauni kwa mashirika ya Oxfam, WaterAid na Greenpeace, na hilo ni jambo la kushukuriwa.

Kuna mambo huko yamefanywa vizuri. Mwaka 2019 waliacha kabisa kuuza vinywaji katika chupa za plastiki za kutumiwa mara moja, baada ya kuuza zaidi ya chupa milioni moja katika tamasha lililotangulia, la 2017. Badala yake waliweka mamia ya mifereji ya maji, kila mtu aje na chupa yake. Wana vyoo ambavyo kinyesi chake hugeuzwa mbolea. Tangu 2023 mitambo ya umeme huendeshwa kwa nishati ya jua, upepo na mafuta yaliyotengenezwa kwa taka za mafuta ya kupikia. Lakini ninalolipenda zaidi ni dogo na la zamani. Kila baada ya miaka michache, kama walivyofanya 2018, hawafanyi tamasha kabisa, ili majani yaote na ng'ombe walishe. Wavuvi wetu wa Pate wanaofunga sehemu za pweza kwa miezi kadhaa wataielewa hekima hiyo bila kuelezwa.

Pamoja na hayo yote, mto mdogo wa Whitelake unapita katika shamba lile. Watafiti wa Chuo Kikuu cha Bangor walipima maji yake mwaka 2019, juu ya eneo la tamasha na chini yake, na matokeo wakayachapisha 2021. Walikuta mabaki ya kokeini na ekstasi kwa wingi upande wa chini, na ekstasi ilikuwa nyingi zaidi wiki moja baada ya watu kuondoka. Kiwango cha kokeini walikiona kinaweza kudhuru mikunga, samaki ambaye huko Ulaya yuko hatarini kutoweka. Madawa yale hayakumwagwa mtoni na kiwanda. Yalitoka katika mikojo ya watu waliokojoa ovyo uwanjani, ilhali vyoo vipo na mabango ya kuwakataza yapo.

Kisa hicho kinanikaa kichwani kwa sababu chupa ya plastiki inaonekana, inapigwa picha, na kuipiga marufuku kunaleta sifa. Mkojo hauonekani. Na sisi hapa kumbi na fuo zetu hazina mto mdogo wa kupimwa juu na chini. Zina mikoko, zina mkondo wa Kilifi, zina matumbawe. Kinachoingia ardhini ufuoni kinaishia baharini, na nani atakuja kupima?

Tuvuke sasa twende jangwani Nevada, Marekani, ambako kuna mkusanyiko uliopania kupinga biashara kuliko wote. Burning Man ilianza 1986 katika ufuo wa San Francisco, watu wachache wakichoma sanamu ya mti. Mwaka 1990 wakahamia jangwa la Black Rock. Mwaka 2004 mwanzilishi wake, Larry Harvey, aliandika kanuni kumi. Tatu kati ya hizo ndizo zinazonakiliwa duniani kote sasa: kupeana zawadi bila kutarajia malipo, kukataa kugeuza kila kitu bidhaa, na kuondoka bila kuacha alama yoyote. Ndani ya mji ule wa wiki moja huuziwi chakula wala fulana. Waandaaji wenyewe huuza barafu, na kwa miaka mingi waliuza kahawa pia, basi. Hakuna bango la kampuni.

Kuhusu taka, lazima niwape haki yao, maana sijaona mfano bora zaidi. Ardhi ile ni ya umma, na idara ya serikali inayoisimamia imeweka sharti: masalio yasizidi futi moja ya mraba kwa kila ekari. Hii ni sawa na kusema ukikusanya kila uzi, kila msumari na kila ganda la pistachio lililobaki katika ekari nzima, visijaze kipande cha sakafu kinachofunikwa na kigae kimoja. Mkusanyiko ukiisha, kikosi cha kusafisha hubaki kwa wiki kadhaa kikitembea kwa mistari na kuokota. Kisha waandaaji huchapisha ramani inayoonyesha, kambi kwa kambi, nani aliacha pasafi na nani aliacha uchafu, kwa rangi ya kijani, manjano na nyekundu. Serikali inakuja kukagua sehemu zilizochaguliwa kwa kubahatisha. Hata mwaka 2023, mvua ilipowanasa watu zaidi ya 70,000 katika tope, ukaguzi walifaulu.

Kumbe inawezekana. Ila angalia kinachofanya iwezekane. Si mapenzi ya mazingira peke yake. Kuna kipimo kinachojulikana, kuna mkaguzi asiyelipwa na mwandaaji, kuna leseni inayoweza kukosekana mwakani, na kuna aibu ya jina lako kuonekana kwa rangi nyekundu. Ukishapita ukaguzi, magari yanaondoka na mifuko ya taka juu, na wakazi wa miji ya njiani wamelalamika mara nyingi kuikuta imetupwa kwao, mahali ambapo mkaguzi wa jangwani hafiki.

Halafu kuna hesabu ambayo kuokota hakuigusi. Waandaaji wenyewe walikadiria kwamba mkusanyiko wa 2019, wenye watu karibu 80,000, ulisababisha kiasi cha tani 100,000 za gesi ya kaboni. Karibu asilimia 90 ya hiyo ilitokana na safari za kwenda na kurudi: ndege kutoka mabara mengine, magari makubwa yanayobeba nyumba, msafara wa saa nyingi jangwani. Gawanya mwenyewe, ni zaidi ya tani moja kwa kila mtu kwa ajili ya wiki moja. Mkenya wa kawaida, kwa mafuta yote yanayochomwa kwa niaba yake mwaka mzima, hafikishi nusu tani.

Waandaaji hawakuificha hesabu hiyo, na wakajiwekea lengo kwamba kufikia 2030 waondoe kaboni nyingi kuliko wanayotoa. Mwezi Agosti 2023 wanaharakati wa tabianchi waliifunga barabara ya kuingilia, wakidai ndege binafsi na plastiki za kutumia mara moja zipigwe marufuku. Askari wa hifadhi ya kabila la Paiute, ambao barabara inapita katika ardhi yao, waliivunja ile kizuizi kwa gari. Mwaka huo huo, mwezi Januari, shirika la Burning Man pamoja na wenzake walikwenda kortini kupinga uchimbaji wa majaribio wa nishati ya mvuke karibu na mji mdogo wa Gerlach, wakihofia chemchemi za maji moto na utulivu wa eneo. Kampuni iliyopewa kibali hicho ni Ormat. Ndiyo, Ormat ile ile inayoendesha mtambo wa Olkaria III kule Naivasha, katika nchi ambayo zaidi ya asilimia 40 ya umeme wake unatoka kwa mvuke wa ardhini. Hoja ya kulinda chemchemi ina uzito, na wenyeji wa Gerlach walikuwa nao. Hata hivyo anayefika jangwani kwa ndege akaja kukataa mtambo wa mvuke ana maelezo ya kutoa.

Sasa ile zawadi. Tiketi ya kawaida katika mauzo makuu ya 2024 ilikuwa dola 575, kibali cha gari mbali. Ongeza maji ya wiki nzima, chakula, hema, miwani ya vumbi, baiskeli, taa, mavazi ya maigizo. Haya yote hununuliwa dukani kabla ya kufika langoni. Ndani hakuna pesa kwa sababu pesa imekwisha kutumika nje. Matajiri nao walipata njia: kambi ambazo mtu analipia kila kitu mapema, anafika akiwa amepangiwa kitanda na mpishi, na waandaaji wamekuwa wakipambana nazo kwa miaka. Hivyo zawadi inapita kati ya watu ambao wote waliweza kulipa. Kwetu neno zawadi lina uzito mwingine. Maulidi ya Lamu yanayofanyika msikiti wa Riyadha hupokea wageni kutoka kila upande wa pwani na hata ng'ambo, wala hawakati tiketi. Wanalala kwa watu, wanakula kwa watu. Mwenye nyumba ya vyumba viwili anampisha mgeni kimoja. Sisemi hivi kutamba. Nasema kwamba kugawana bila kuuziana si uvumbuzi wa jangwani, na bei yake halisi hulipwa na mwenyeji.

Uingereza wao walilikabili suala la kununua kutoka upande wa hema. Chama cha matamasha huru cha nchi hiyo kilikadiria mwaka 2019 kwamba mahema 250,000 huachwa viwanjani kila mwaka. Hema la wastani lina uzito wa kilo tatu na nusu, na sehemu kubwa ni plastiki. Chama kilisema ni sawa na mirija 8,750 ya kunywea. Hebu fikiria kelele zote zile za mirija! Chama hicho kiliwaomba wenye maduka waache kuuza mahema kwa jina la "hema la tamasha", kwa sababu jina lenyewe linamwambia mnunuzi kwamba ni la kutumia mara moja. Wengi walioacha mahema yao walidhani yatapewa maskini. Mengi huishia kufukiwa au kuchomwa.

Hapo ndipo nionapo ugonjwa wenyewe. Tamasha linapiga marufuku mrija, huku soko la nje likimuuzia kijana hema la bei rahisi, kofia ya tamasha, viatu vya matope, nguo ya kung'aa atakayovaa usiku mmoja. Anaingia langoni akiwa amebeba taka ambazo bado ni mpya. Na hakuna mwandaaji anayekagua risiti.

Wapo waliojaribu kuanzia kwenye safari badala ya mrija. Kundi la Massive Attack la Bristol liliwapa kazi wanasayansi wa kituo cha Tyndall, Chuo Kikuu cha Manchester, wachunguze muziki wa jukwaani unavyochafua hewa, na ripoti ikatoka 2021. Agosti 2024 wakafanya onyesho moja mjini kwao. Hakukuwa na maegesho ya magari ya mashabiki. Wakazi wa eneo walipewa nafasi ya kwanza ya kukata tiketi. Umeme ulitoka kwenye betri badala ya jenereta za dizeli, na chakula hakikuwa na nyama. Wengine walinung'unika kuhusu chakula. Lakini tazama walikogusa: nani anakuja, kutoka wapi, kwa chombo gani. Wakaamua kwamba tamasha liwe la watu wa karibu kwanza. Hilo linamgharimu mwandaaji, kwa sababu mgeni wa mbali ndiye mwenye mfuko mzito.

Huku kwetu sheria inasaidia kidogo. Mifuko ya plastiki ilipigwa marufuku tarehe 28 Agosti 2017, na faini yake inaweza kufika Sh4 milioni. Tangu tarehe 5 Juni 2020 plastiki za kutumiwa mara moja haziruhusiwi katika mbuga, misitu na fuo zilizohifadhiwa. Sheria ya usimamizi wa taka ya 2022 inataka taka za kuoza zitengwe na zisizooza pale pale zinapozalishwa. Kwa hivyo tamasha la Kilifi au Diani linalojisifu kwamba halitoi mifuko ya plastiki linajisifu kwa kutii sheria, sawa na dereva anayejisifu kwamba amesimama kwenye taa nyekundu.

Wala hatujakosa ubunifu wetu. Jahazi la Flipflopi lilijengwa Lamu na mafundi wakiongozwa na Ali Skanda kwa tani zipatazo 10 za plastiki iliyookotwa, likavikwa ndara kama 30,000 zilizosukumwa ufuoni na bahari. Mwanzoni mwa 2019 likasafiri kwa tanga hadi Unguja. Jahazi hilo lilionyesha taka zile zipo, na zinatoka kwetu na kwa jirani na ng'ambo ya bahari.

Wala tusijifanye malaika. Zamani arusi ya Pwani ilikuwa haina taka kabisa: pilau kwenye sinia, watu watano wakizunguka, maji kwa kata kutoka mtungini, mapambo ya makuti na maua. Leo sinia zimepisha sahani za kutupa, na kila mgeni anakabidhiwa chupa yake ya maji ambayo huiacha nusu. Dini yetu imekataza israfu hata katika maji ya udhu ukiwa kando ya mto. Kama tunataka kumhoji mgeni wa tamasha, naye ana haki ya kuchungulia uani kwetu asubuhi ya baada ya arusi.

Lakini tofauti ya ukubwa ipo. Kutoka Nairobi hadi Kilifi ni zaidi ya kilomita 500, na umati wa mwaka mpya hushuka kwa ndege, kwa magari binafsi, kwa treni na mabasi. Anayeshuka kwa treni na anayeshuka kwa ndege wanauziwa tiketi ile ile kwa bei ile ile. Mwandaaji angeweza kumpunguzia wa treni, akaweka mabasi ya kumchukua Miritini, akaacha sehemu ya tiketi kwa wakazi kwa bei ya mkazi. Sauti za Busara ya Zanzibar, inayofanyika Ngome Kongwe tangu 2004, ina bei ya chini kwa Watanzania, basi si jambo geni katika bahari hii.

Na taka zikishakusanywa, zinakwenda wapi? Mombasa tulifunga jaa la Kibarani, tukapafanya pazuri, na uchafu ukaenda Mwakirunge. Mtu wa Mwakirunge anajua kwamba ufuo safi wa mwenzake una anwani. Tamasha likisema "tumeondoa taka zote", swali linalofuata ni zilipelekwa jaa lipi, tani ngapi, na nani alilipwa kuzipokea. Waokotaji wetu wanajua hesabu hiyo kwa kilo, hawajawahi kuulizwa.

Kaunti zinatoa vibali vya matamasha na zina uwezo wa kuweka masharti. Sharti moja lingetosha kuanzia: amana ya fedha inayorudishwa baada ya ukaguzi wa siku saba, ukifanywa na afisa wa mazingira akiwa na wawakilishi wa kikundi cha ulinzi wa ufuo cha eneo hilo, ambao wanaujua ufuo wao kuliko afisa. Matokeo yabandikwe ofisini kwa chifu na kuwekwa mtandaoni, kwa rangi kama ile ramani ya jangwani, sehemu kwa sehemu: jukwaani, kwenye mahema, vyooni, ufuoni, na njia ya kutokea hadi barabara kuu.